Ada ya Kubebwa

Njagi wa Mbogo alitoka Mbeere ya chini, kule ambako mvua ikinyesha mara tatu kwa msimu watu husema mwaka umekuwa mzuri. Baba yake alifuga mbuzi na kupanda ndengu, akitumaini mwanawe atafuata njia hiyo hiyo. Lakini Njagi alizaliwa na mkono wa kufungua vitu. Siku redio ya naibu wa chifu ilipokata sauti, aliifungua kwa ncha ya kisu cha kuchunia mbuzi, akaunga waya mbili, ikasema. Naibu wa chifu akamwambia Mbogo, "Huyu ukimpeleka malishoni utakuwa unamharibu. Mpeleke kambi ya bwawa. Wazungu wanatafuta watu kama yeye."

Akapelekwa. Miaka kumi na miwili alikuwa fundi wa umeme katika kambi ya wahandisi wa bwawa mtoni Tana, na hapakuwa na taa iliyozimika kambini asijue imezimikia wapi. Mwaka wa tisini na tatu wahandisi walifunga virago. Wenzake walipewa kiinua mgongo mkononi. Njagi aliitwa na mkubwa wa kambi, akaonyeshwa dishi la setilaiti lililosimama nyuma ya nyumba, pana kama sakafu ya chumba, pamoja na mashine yake.

"Kulisafirisha kwetu ni gharama," yule mkubwa alisema. "Na wewe ndiye ulikuwa ukilitunza. Lichukue, liwe kiinua mgongo chako."

Wenzake walicheka wakashika mbavu. Njagi alikodi trela ya trekta, akalipandisha hadi Embu mjini, akalisimamisha uani mwa nyumba ya vyumba viwili aliyokuwa amenunua mtaa wa Dallas. Mkewe, Karwirwa, alitoka nje akalizunguka mara mbili. Alikuwa Mmeru wa Makutano, mwalimu wa chekechea, mwenye sauti tulivu ambayo haikuhitaji kiboko ili darasa linyamaze.

"Baba Igoki," alisema, "wanaume wengine wamerudi na mabati. Wewe umerudi na karai."

"Ngoja uone karai hili litapika nini."

Liliwapikia. Siku hizo picha ya stesheni ya serikali ilifika Dallas ikiwa na chenga tupu, kwa sababu ya vilima. Dishi la Njagi lilinasa stesheni za nje zilizokuwa za bure, mpira, taarifa, hata mahubiri kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua. Jirani mmoja aliomba waya. Wa pili akaomba. Njagi akapitisha waya kutoka paa hadi paa, kutoka paa hadi mti wa mukima, akavuka barabara juu ya nguzo alizochimbia mwenyewe, na baada ya miaka miwili nyumba mia moja na sitini zilikuwa zikitazama kutoka uani kwake. Walimlipa kidogo kila mwezi, na asiyekuwa nacho alileta kuku.

Kisha alinunua kamera kuukuu kutoka kwa mpiga picha wa harusi, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kila jioni kuanzia saa kumi na mbili, kwa saa nzima, alizima stesheni za nje akamweka Karwirwa mbele ya pazia la buluu sebuleni. Karwirwa alisoma kwa Kiembu, kwa Kimeru na kwa Kiswahili: nani amefariki na atazikwa lini, ng'ombe wa nani amepotea, kiwanda cha kahawa kitalipa kiasi gani, mtoto gani ameonekana sokoni akilia na hajui jina la baba yake. Njagi naye alizunguka na kamera kwenye mazishi, harambee, tamasha za kwaya. Watu waliokuwa hawajawahi kujiona popote ila kwenye maji ya karai walijiona kwenye runinga. Kipindi kilipoanza, Dallas nzima ilinyamaza.

Hakuna aliyekipenda kipindi hicho kama Phyllis, mjane aliyeuza ndizi sokoni. Mwanawe wa pekee, Muriuki, aliongoza kwaya ya kanisa, na Agosti ya tisini na sita Njagi alimpiga picha kwenye tamasha akiimba peke yake, mikono nyuma, koti limembana mabega. Miezi mitano baadaye lori la saruji lilimgonga kijana huyo kwenye barabara ya Meru. Phyllis alikuwa na picha moja tu ya kitambulisho, iliyofifia. Basi kila Jumamosi alasiri alijitanda leso safi, akaja kwa Njagi, akaketi kwenye kigoda, naye Njagi akamwekea mkanda. Wimbo ulikuwa wa dakika nne. Ulipokwisha Phyllis alisema, "Asante, mwanangu," akaenda zake.

"Nitakutolea nakala, Mama Muriuki," Njagi alimwambia zaidi ya mara kumi. "Uwe nayo mwenyewe."

Lakini kila Jumamosi alikuwa na waya wa kuunganisha mahali, na nakala haikutolewa.

Sasa kampuni ya Kozi ilikuwa imeshaingia Embu hata kabla ya msiba huo. Ilikuwa kampuni ya Nairobi ya runinga ya setilaiti, ikiuza madishi madogo na dikoda za kulipia. Wakala wake wa Meru na Embu alikuwa Kirimi, mdogo wake Karwirwa, kijana wa suti na kicheko cha haraka. Katikati ya mwaka wa tisini na sita Kirimi alimkuta Njagi kwenye bucha ya Mzee Jumaa, Mwislamu wa Majengo ambaye nyama yake ya kuchoma ilijulikana mji mzima, na ambaye alikuwa mteja wa tatu kuvutiwa waya na Njagi.

"Muthoni," Kirimi alianza, maana ndivyo walivyoitana kama mashemeji, "nauza madishi, watu hawanunui. Unajua wananiuliza nini? Hapa Embu, hata kule kwetu Makutano? Wananiuliza, je, humo ndani yuko Karwirwa?"

Jumaa alicheka akiwa anakata mbavu. Njagi naye alicheka, raha ikampanda hadi masikioni.

"Kozi inataka saa yako," Kirimi akaendelea. "Unatuma mkanda Nairobi kwa basi la asubuhi, jioni yake Makutano wanatazama, Chuka wanatazama, mpaka Maua. Na wewe unapewa dikoda ya bure, unawavutia watu wako stesheni zetu zote. Mpira wote wa Ulaya, muthoni! Hulipi hata senti."

"Nanyi mnanilipa ngapi?"

"Ah, wewe nawe! Mti haujapandwa unauliza kivuli. Tuanze kwanza."

Alitoa kandarasi ya kurasa tisa, Kiingereza chote. Kiingereza cha vitabu vya mashine Njagi alikimudu. Hiki kilikuwa cha mawakili. "Acha Karwirwa asome kwanza," alisema.

Kirimi alishika kifua. "Mimi ni damu ya mke wako. Nikikudanganya, Krismasi nitakula kwa nani?"

Njagi akatia sahihi juu ya meza ya bucha, Jumaa akawa shahidi.

Jioni hiyo Karwirwa aliisoma kandarasi yote amesimama. Alipofika ukurasa wa saba alikaa.

"Hapa wanasema miezi ishirini na minne ikipita, kampuni itapanga ada ya kubeba kipindi. Na ya kwamba wewe ndiye utailipa, na ya miezi iliyopita pia. Na kanda zote za kipindi ni dhamana yao. Baba Igoki, ulisoma hii?"

"Kirimi alisema ni mambo ya kawaida."

Karwirwa alimpigia ndugu yake simu kutoka posta. Kirimi alimwambia kwamba kila kandarasi ina maneno kama hayo, na kwamba hakuna mtu amewahi kuyatumia.

Kwa miaka miwili ilionekana Kirimi alisema kweli. Karwirwa akawa sura ya watu. Akienda kwao Makutano wachuuzi walimwachia biashara wakamkimbilia, wengine wakimpa majina ya wafu wao pale pale barabarani. Baba yake, aliyekuwa amepinga binti yake kuolewa na Mmbeere wa nchi kavu, alinunua dishi la Kozi kwa kuuza fahali. Hata mvua kubwa za mwisho wa tisini na saba, zilizoangusha nguzo thelathini za Njagi, hazikumvunja. Alizisimamisha zote upya, tope likimfika magotini.

Barua ilikuja Mei ya tisini na nane, mwezi mmoja kabla ya Kombe la Dunia. Ada ya kubeba kipindi: shilingi elfu themanini kwa mwezi. Ya miezi ishirini na minne iliyopita: nusu ya hiyo kwa kila mwezi. Malipo kabla ya tarehe kumi Juni.

Njagi hakuwahi kupata hata elfu arobaini kwa mwezi katika maisha yake. Alidhani ni makosa ya mpiga chapa.

Meneja wa Kozi alikuja Embu mwenyewe, wakaonana katika hoteli iliyo karibu na ofisi za mkoa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa kumimina chai ya mwenzake kabla ya yake. Kirimi alikaa pembeni akichezea funguo za gari.

"Bwana Njagi," meneja alisema, "kipindi chako kinapanda setilaiti yetu kila siku. Mtu akipanda gari hulipa nauli. Si ndiyo?"

"Na gari likikosa abiria?" Njagi alijibu. "Mlipokuja hapa hamkuuza dishi hata kumi. Watu walinunua kwa sababu ya mke wangu. Nyinyi ndio mmepanda mgongo wangu. Kama ni ada ya kubebwa, nyinyi ndio mnipe."

Meneja aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mtoto akihesabu. "Hayo yalikuwa kweli miaka miwili iliyopita. Nakubali kabisa. Lakini sasa tuna nyumba elfu nne kati ya Embu na Maua. Madishi yako juu ya mapaa. Unafikiri mtu atapanda kulishusha lake?"

"Nikiondoa saa yangu watayarudisha."

"Iondoe," alisema meneja, na akammiminia chai tena.

Njagi alimtazama Kirimi. "Muthoni, sema neno. Wewe ndiye uliyeniita."

"Biashara ni biashara," Kirimi alisema bila kuinua macho. "Lipa kidogo kidogo."

Njagi alisimama akawaacha. Njiani kurudi Dallas alijiambia kwamba watu wa Embu si mawe. Wangemsimamia.

Siku Kombe la Dunia lilipofunguliwa kule Ufaransa, bucha ya Jumaa ilijaa tangu saa kumi. Watu walikuwa wamelipia nyama mapema ili wapate viti. Njagi alikuwa nyumbani akichunguza mitambo, na kila kitu kilikuwa sawa hadi timu zilipokuwa zinatoka uwanjani. Hapo skrini ikawa nyeusi, katika nyumba zote mia moja na sitini kwa pamoja. Kisha yakatokea maandishi meupe, kwa Kiswahili ili kila mtu asome:

HUDUMA IMEKATWA. NJAGI WA EMBU HAJALIPA. KWA DISHI LAKO, MUONE WAKALA WA KOZI.

Alikimbia hadi kwa Jumaa, sijui akitarajia kufanya nini. Alipoingia, kelele zilikoma kidogo, kisha zikarudi mara mbili.

"Huyu hapa! Mwizi huyu!"

"Tumekupa pesa kila mwezi, umepeleka wapi?"

"Amejenga kwao Mbeere!"

"Hamjasikia maneno yangu," Njagi alisema. "Wananidai ada ambayo hata—"

Mfupa wa mbavu ulimpiga shavuni, wenye mafuta na chumvi. Watu walicheka. Mtupaji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye Njagi alimvutia waya bila malipo alipofiwa na mkewe.

Jumaa alimshika mkono akamtoa kwa mlango wa nyuma, penye ngozi za mbuzi. "Njagi, ndugu yangu, wallahi mimi nakuelewa. Nilikuwa shahidi, nilisikia ulivyoahidiwa. Lakini nina nyama ya mbuzi sita kwenye makaa na watu wanataka pesa zao."

"Nisaidie uwaambie hivyo. Wewe watakusikiliza."

Jumaa alitazama chini. "Kirimi yuko nje na pikapu. Ana madishi ishirini. Nimeshamlipa."

Kirimi aliyauza yote ishirini kabla ya kipindi cha pili kwisha, akapiga simu aongezewe.

Njagi alifanya kile alichokuwa amemtishia meneja. Aliacha kutuma mkanda Nairobi. Kwenye waya zake mwenyewe alimweka Karwirwa mbele ya pazia, akamwandikia maneno ya kuomba watazamaji warudishe madishi ya Kozi kwa wiki mbili tu, kampuni ipate adabu. Karwirwa alisoma kwa lugha zote tatu. Hakuna dishi hata moja lililorudi. Wengi hawakumsikia, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kung'oa waya wa Njagi. Katika wiki ya tatu ya Juni alipita mtaani akakuta waya zake zimeanikiwa nguo, zimefungiwa mbuzi, na nguzo nne zimekatwa kuni. Mama mmoja aliyemkuta anakusanya mabaki alimwambia, "Acha hapo, hiyo imefunga lango langu."

Kozi ilimshtaki kwa ada ya miezi ishirini na minne. Hakimu aliuliza kama sahihi ni yake. Njagi akasema ni yake. Jumaa alikuwa ameahidi kuja kutoa ushahidi, lakini siku hiyo ilikuwa ya nusu fainali na bucha haikuwa na mtu wa kuiangalia. Kesi ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kuingia.

Madalali wa mahakama walikuja Jumamosi. Walishusha dishi kwa nyundo kubwa, maana bolti zilikuwa zimeshika kutu. Walichukua kamera, mashine zote, hata pazia la buluu. Kisha wakaanza kutoa maboksi ya kanda, miaka mitatu ya mazishi na harusi na vikongwe waliokuwa wamesimulia njaa za zamani, kila mkanda ukiwa na jina kwa mwandiko wa Karwirwa.

Phyllis alitokea langoni amejitanda leso yake ya Jumamosi. Alisimama akatazama maboksi yakipakiwa. Ilimchukua muda kuelewa, kisha akamwendea mkubwa wa madalali.

"Mwanangu, humo ndani mna mtoto wangu. Ni mkanda mmoja tu. Nipe huo, mingine yote chukueni."

"Mama, mimi sijui nani yumo," yule mtu alisema. "Mimi nahesabu maboksi."

"Nitaununua. Nina ndizi sokoni, mikungu miwili."

"Panda gari!" dalali aliwaambia watu wake.

Phyllis aliugeukia uso wa Njagi. Hakuuliza kuhusu nakala. Njagi alitamani angeuliza, hata amtukane.

"Nitaurudisha, Mama Muriuki," alisema. "Hata kama ni kwa miguu."

Alikwenda Nairobi mara tatu. Mara ya kwanza walinzi hawakumruhusu kupita lango. Mara ya pili alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi ofisi zilipofungwa, na msichana wa mapokezi akamwambia wenye funguo za stoo wako semina. Mara ya tatu meneja mwenyewe alipita, akamtambua, akamsalimia kwa upole ule ule na kumuuliza hali ya watoto. Njagi, aliyekuwa hajawahi kumwomba mtu yule kitu, alimwomba. Alieleza habari ya lori na ya mama.

"Pole sana," alisema meneja. "Mkanda mmoja? Hilo si shida kabisa." Akaagiza, na baada ya nusu saa ukaletwa, jina likiwa bado ubavuni: Muriuki, Tamasha la Kwaya, Agosti 96.

Njagi alirudi Embu ameupakata kifuani kama yai. Hakuwa tena na mashine, kwa hiyo alimwomba Jumaa amwachie yake asubuhi moja kabla wateja hawajaanza kuja. Jumaa, ambaye tangu siku ya mpira hakuwa amemtazama usoni, alikubali upesi, akafagia, akaweka kiti cha mbele na kufunika magogo ya nyama kwa gunia safi. Njagi angeweza kuutazama kwanza peke yake. Hakutaka. Alitaka macho ya Phyllis yawe ya kwanza.

Phyllis aliketi, akaweka mikono mapajani. Njagi akabonyeza.

Ikatokea familia moja imekaa kwenye makochi meupe, baba, mama na watoto wawili wanaocheka. Sauti ya mwanamume ikasema kwamba kwa dishi la Kozi dunia iko nyumbani kwako. Kisha ikaja tena familia ile ile. Kisha tena.

Walikuwa wamerekodi tangazo juu yake.

Njagi aliurukia mtambo auzime. Phyllis akainua mkono. "Acha. Labda yuko mbele."

"Mama Muriuki, hayupo. Wamefuta."

"Nimesema acha. Wewe hujui alipo."

Wakaacha. Familia ya makochi meupe ilirudi mara ishirini na kitu. Jumaa alitoka nje akasimama penye ngozi zake za mbuzi. Phyllis hakuondoa macho. Mwisho tangazo likakatika katikati ya neno, skrini ikaruka, na kwa muda mfupi, labda sekunde sita, ukaonekana uwanja wa tamasha: migongo ya watu, vichwa, mikono juu, na makofi mengi. Kisha chenga.

"Hapo ndipo alipomaliza," Phyllis alisema.

Alikaa kidogo. Aliposimama alijifunga leso vizuri, akamwambia Njagi kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulikuwa nao miezi kumi na nane. Ilikuwa kazi ya dakika nne." Akatoka. Tangu siku hiyo wakikutana sokoni alimpita kama mtu anayepita nguzo.

Njagi alirudi nyumbani na mkanda ule, akauweka mezani, hakula siku mbili.

Ni katika siku hizo Kirimi alikuja, si kwa Njagi bali kwa dada yake. Kozi ilikuwa imefungua chumba cha kurekodia Makutano na ilimtaka Karwirwa asome pale ile saa ya jioni. Mshahara wa kweli, wa kila mwezi. Igoki, binti yao, alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, na mwenye duka alikuwa ameacha kuwakopesha hata chumvi.

"Mimi siendi kwa moyo," Karwirwa alimwambia mumewe. "Naenda kwa mtoto. Unasemaje?"

Njagi alikuwa ameketi kitandani akitazama mikono yake. Alijua analotaka kusema: kwamba bila yeye nyumba ingekuwa shimo. Lililomtoka ni lingine.

"Walinibeba mimi, wamenitupa. Sasa ndugu yako amekupata wewe. Nenda ukabebwe. Umezoea kutazamwa."

Karwirwa aliyapokea maneno hayo bila kupepesa. Alifunga begi moja, akamchukua Igoki, wakaenda Meru. Kila jioni saa kumi na mbili sauti yake ilitoka katika nyumba zote za Dallas, ikitaja wafu, ikimfuata Njagi barabarani kutoka dirisha hadi dirisha, na nyumba moja tu haikuwa nayo.

Alisoma miezi minne. Wiki moja kabla ya Krismasi meneja alimwita akamwambia, kwa heshima zote, kwamba kampuni imepima ikaona nafasi ile ya saa nzima inafaa zaidi kwa matangazo ya biashara. Watu hawakuwa wakinunua tena madishi kwa sababu yake, kwa kuwa kila aliyeweza kununua alikuwa ameshanunua. Hakupewa hata jioni ya mwisho ya kuwaaga watazamaji. Kipindi hakikutokea siku moja, na siku ya pili, na ya tatu. Watu wawili watatu waliuliza. Mwezi Januari hakuna aliyeuliza.

Karwirwa alirudi Embu mwezi huo, Igoki amebeba begi. Aliacha hasira zake njiani, akitaka kumwambia mumewe kwamba alisema kweli ingawa aliisema vibaya. Alisukuma lango. Njagi alikuwa uani akinawa mikono, amevaa ovaroli ya kijani yenye mwewe, nembo ya Kozi, mgongoni. Ngazi iliegemea ukutani, na kando yake yalipangwa madishi matatu madogo.

Walitazamana.

"Tangu lini?" Karwirwa aliuliza.

"Novemba. Kirimi alikosa fundi. Wanalipa kwa dishi." Alifuta mikono kwenye ovaroli. "Nilitaka Igoki arudi shule. Nilikuwa nikituma pesa kwa Kirimi akupe."

"Kirimi hakunipa kitu."

Njagi hakuonekana kushangaa. Igoki, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliweka begi chini akaingia ndani kutafuta maji.

"Na wewe," Karwirwa alisema polepole, "uliniambia niende nikabebwe."

"Nilikuambia."

Karwirwa alingoja aongeze neno. Njagi aliinua ngazi begani, akachukua dishi moja kwa mkono mwingine, kwa kuwa kulikuwa na mteja Majengo aliyekuwa akimngoja, na Kozi ilimkata fundi pesa akichelewa. Karwirwa alisogea kando ya lango ili ngazi ipite. Jioni alipika githeri, wakala wote watatu.

Njagi alifanya kazi hiyo mpaka mwisho wa mwaka wa tisini na tisa, alipoteleza kwenye paa lenye umande kule Makutano akavunjika nyonga. Kirimi alituma mtu kuja kuchukua ovaroli na ngazi. Karwirwa alikuwa amepata tena darasa la chekechea, naye ndiye aliyewalisha. Wapita njia walimwona Njagi akiota jua kwenye kibaraza cha Dallas, mguu mmoja umenyooka mbele, redio ya mtu fulani imefunguliwa mapajani. Wageni walioletwa mtaani na kazi za serikali waliuliza ni nani. Wenyeji walisema ni fundi redio, mtu mzuri, ila ukimpa kitu chako usimwamini akikuambia kesho.